Maziwa ya Bafuni

Juni 15

Tumerudi nyumbani leo, mimi na Badr. Nasema nyumbani, lakini ni kwa mama mkwe wangu, Bi Sayyida, hapa Al-Khuwair, Muscat. Marehemu mama angekuwa hai ningekwenda kukaa arubaini kwake. Hayupo, basi nimeletwa huku. Maan, mume wangu, amesharudi jangwani kwenye visima vya mafuta. Zamu yake haikumngoja mtoto.

Chumba kimefukizwa udi mpaka macho yananiwasha. Mkaja wa kunifunga tumbo umeshakunjwa vizuri juu ya mto. Bi Sayyida alimpokea Badr mlangoni, akamsomea, akamnusa shingoni, akaanza kulia kwa furaha. Mimi nilisimama na begi langu mkononi nikimtazama analia, nikangoja na mie kitu kinijie. Hakikuja. Hospitali nilidhani ni uchovu.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Nikimtazama naona mtoto mzuri wa mtu mwengine, aliyeniomba nimshikie mara moja halafu akachelewa kurudi.

Juni 17

Joto halina mfano. Hakuna anayetoka kabla ya magharibi. Maziwa hayajaja.

Juni 19

Siku zangu zimepangwa na Bi Sayyida. Asubuhi nakandwa kwa maji ya moto, kisha nafungwa mkaja mpaka pumzi inakuwa fupi. Mchana supu ya papa. Jioni uwatu uliochemshwa, na harufu yake imeshaingia mpaka kwenye jasho langu. Mambo haya aliyaona kwa mama yake, Unguja, kabla hawajahamia huku yeye akiwa msichana mdogo, na anayafuata bila kuruka hata moja.

Bi Sayyida alifanya kazi idara ya simu mpaka alipostaafu, akiunganisha watu na watu. Sauti yake bado ni ya kazi ile. Inapita kwenye kuta. Kila jioni anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo kueleza habari za mzazi na mtoto, na ukoo mzima, Muscat, Unguja na Dubai, unamjibu kwa dua.

Leo nilimsikia akicheka na mtu kwenye simu. Alisema wasichana wa siku hizi wamesoma mpaka maziwa yamekauka, lakini wa kwake yeye atamfungua tu. Ni mzaha, najua. Mimi nafundisha kemia sekondari ya wasichana, na mbele za watu Bi Sayyida hujisifu sana kuwa mkwewe ni mwalimu. Lakini nilikuwa nyuma ya mlango, Badr kifuani, chuchu zimechanika, na yeye anavuta, anaacha, anapiga kelele. Sikucheka.

Juni 20

Analia. Namnyonyesha. Analia.

Juni 23

Aliyenikuta ni Bashayer, wifi yangu. Ndiye mdogo wa kina Maan, hajaolewa, anafanya kazi benki. Aliingia chumbani bila kubisha kwa sababu Badr alikuwa akilia muda mrefu. Alinikuta nimekaa sakafuni, mgongo umeegemea kabati, vidole nimevitia masikioni. Mtoto yuko kitandani peke yake, uso umewiva.

Hakunigombeza. Alimchukua, akamtia kidole kidogo mdomoni, akaona anavyokivuta. Akasema huyu ana njaa, wifi. Nikamwambia najua. Nikamwambia asimwambie mama.

Jioni alirudi kutoka kazini na mkoba wake wa mazoezi. Ndani mlikuwa na kopo la maziwa ya unga na chupa mbili. Niliingia bafuni na Badr, nikafunga mlango, nikafungua bomba ili sauti ya maji izibe nyengine zote. Nilipima unga na maji kwa uangalifu, kama niko maabara. Alikunywa mpaka mwisho, mikono yake ikalegea kidogo kidogo, akalala. Sijapata kumuona ameshiba tangu azaliwe.

Ningetoka pale nikasema. Ilikuwa rahisi wakati ule kuliko itakavyokuwa siku yoyote nyengine. Nilitoka, nikamkuta Bi Sayyida chumbani anatandika kitanda. Akamuona mtoto amelala, tone la maziwa liko pembeni ya mdomo. Akanyanyua mikono.

"Alhamdulillahi. Yamefunguka."

Nikasema, "Naam, Mama."

Juni 24

Badr amepiga chafya mara mbili, kisha akashangaa kama kwamba mtu mwengine ndiye aliyepiga. Nilicheka peke yangu. Kwa muda mfupi alikuwa wangu.

Juni 29

Wageni wamekuja kumuona mtoto, akiwamo jirani yetu Bi Sabah na binti yake mwenye mimba kubwa. Bi Sayyida aliwaeleza habari ya maziwa yangu tangu mwanzo, yalivyokataa na yalivyokubali, na supu aliipika vipi. Alikuwa na furaha hata akasahau kuwapa kahawa.

Binti wa Bi Sabah akanigeukia mimi. Akataka kujua nilifanyaje hasa, maana anaogopa. Alikuwa anauliza kweli, macho yamemtoka. Nikamwambia anywe supu ya papa na atulize moyo. Mie nilimwambia atulize moyo. Nilikaa pale na mkaja wangu, mzazi aliyefanikiwa, nikatoa nasaha.

Walipoondoka nilimpeleka Badr bafuni.

Julai 2

Maan kapiga simu. Mama yake ameshamueleza kila kitu. Akasema amewaambia wenzake kambini kwamba mwanawe ananyonya kama ndama. Nikacheka naye.

Julai 5

Bashayer amekwenda Salala na wenzake wa benki kufuata manyunyu ya kharif, msimu wa mvua wa kule. Ukoo mzima unasafiri kwenda kule miezi hii, anayebaki Muscat ni mgonjwa au mzazi. Makopo ameyaficha kwenye sanduku langu la nguo, chini ya abaya. Kabla ya kutoka aliniambia niseme, mama hatanila. Nikamwambia nitasema akirudi. Akanitazama, akasema haya.

Julai 9

Bashayer hatarudi kesho. Wamepata nyumba nzuri, kuna ukungu mpaka mlangoni, wameongeza siku. Alinionesha kwenye simu majani mabichi na ng'ombe wamesimama barabarani. Alikuwa na furaha sana, sikutaka kuiharibu. Sikumwambia kopo la mwisho limefika chini.

Julai 11

Leo niliagiza maziwa kwa simu. Nilipanga kushuka kuyapokea wakati Bi Sayyida anasali, lakini dereva aliwahi. Kengele ililia, nikatoka chumbani na Badr mkononi, na nilipofika juu ya ngazi nikamsikia Bi Sayyida ameshafungua mlango.

Alizungumza na yule kijana kwa Kiarabu, kwa upole. Alimwambia amekosea nyumba. Kijana akasoma jina la mtaa na namba. Bi Sayyida akasema mtaa ni huu na nyumba ni hii, lakini sisi mtoto wetu ananyonya, labda ni ya jirani. Kijana akasema atampigia aliyeagiza. Simu yangu ilikuwa mfukoni. Nikaizima kabla haijalia.

Alifunga mlango akapandisha macho, akaniona. Akacheka, akanambia watu wanatuletea makopo, hawajui humu ndani kuna kisima. Nikatabasamu. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani, na niliona haya mpaka ngozi ya kichwa ikanisisimka. Sikuthubutu kuagiza tena.

Julai 12

Nimepunguza unga, nimeongeza maji kidogo. Ni mpaka Alkhamisi tu, Bashayer atakuwa amerudi.

Julai 13

Sasa anasema Jumamosi. Nimeongeza maji tena.

Julai 15

Badr ametulia sana. Halii. Bi Sayyida anasema amemfuata Maan, hata yeye alikuwa mtoto wa kulala. Anakunywa chupa nzima na tumbo linajaa. Nimejiambia kuwa tumbo likijaa mtoto ameshiba. Mimi, ninayewafundisha watoto wa watu habari za mchanganyiko mzito na mchanganyiko mwepesi, nimejiambia hivyo.

Julai 17

Naandika nikiwa wodi ya watoto. Badr amelala. Ana sindano ya dripu kichwani, wamemnyoa kipande cha nywele upande wa kulia. Nitaandika ilivyokuwa kwa mpango wake, maana nikiiacha nitaanza kuipunguza.

Jana baada ya adhuhuri nilikuwa nambadilisha nepi. Mkono wake wa kushoto ukaanza kuruka peke yake, kisha mguu, kisha macho yakapinda juu na midomo ikageuka rangi. Nilimwita Bi Sayyida. Alikuja mbio na unga wa chapati mikononi, akamtazama mara moja tu, akasema ni degedege, akamlaza ubavu mpaka akaacha kutetemeka. Akanambia nivae abaya. Niliivaa ndani nje na nikatoka bila viatu. Lami ilikuwa inaunguza, na niliona ni haki yangu.

Aliendesha mwenyewe, gari lake la zamani ambalo siku hizi huenda nalo sokoni tu. Mkono mmoja usukani, mwengine kwenye honi, mdomo unasoma Ayatul Kursiy bila kukata. Badr alikuwa mapajani mwangu kama kitambaa. Nilimwita jina lake. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimemwita kwa kumtaka aje.

Walimchukua kutoka mikononi mwangu, wakapima damu. Daktari ni kijana, anaitwa Loai. Alitukalisha akatueleza kwamba chumvi ya damu imeshuka mno, na ndiyo iliyoleta degedege. Akauliza mtoto anakula nini.

Bi Sayyida alikuwa amenishika mkono. Nikasema, "Maziwa yangu tu."

Bi Sayyida akaongeza kwamba ninayo tele, mashaallah. Daktari akatikisa kichwa kama mtu ambaye hesabu yake haikubali. Akasema watoto wachanga huwa hivi wakipewa maji. Akauliza kama kuna mtu yeyote nyumbani aliyempa mtoto maji, hata ya dawa, hata ya baraka.

Mkono wa Bi Sayyida ukaniachia.

Akasema, "Ni mie, daktari. Nnampa zamzam."

Alieleza kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kuwa anayo. Anampa kijiko asubuhi na kijiko jioni, tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya afya. Mimi sikujua. Daktari akaandika, akamwambia asimpe tena hata tone, akaondoka.

Bi Sayyida alikaa kwenye kiti cha plastiki akalia. Si kilio cha mlangoni siku ile. Alijifunika uso kwa ukaya wake na mabega yakawa yanatikisika. Alikuwa akisema maneno yale yale, kwamba nusura amuue mjukuu wake kwa mkono wake. Kisha akateremka kutoka kwenye kiti, mwanamke mzima, magoti yanayomuuma, akanishika miguu yangu iliyokuwa haina viatu.

"Nisamehe, mwanangu. Nnakuomba unisamehe."

Nikasema, "Usijali, Mama."

Nimeandika hivyo hivyo nilivyosema. Nilimnyanyua, nikamrudisha kwenye kiti, nikampangusa uso. Nilipata nafasi ya kusema, nikaitumia kumsamehe.

Baadaye alitoka kwenda ukumbini na simu yake. Sauti yake inapita kwenye kuta, nimeshasema. Alikuwa anatuma ujumbe kwenye kundi la ukoo. Aliwaambia mabibi wote wasikilize, wasiwape wachanga maji, hata yawe ya zamzam. Akasema Badr yuko hospitali na aliyemfikisha pale ni yeye, Sayyida, si mwengine, na wamuombee.

Julai 18

Asubuhi daktari alikuja wakati Bi Sayyida amekwenda kusali. Alikuwa na muuguzi wa Kenya, Hannah, mwenye sauti ya chini. Daktari akaniambia kwa Kiarabu kwamba amefikiri sana, vijiko viwili vya maji kwa siku kwa kawaida havifikishi mtoto hapa. Hakuniuliza kitu. Alisema chumvi imepanda vizuri, sasa mtoto aanze kula, na angependa muuguzi anione ninavyonyonyesha.

Daktari alipotoka, Hannah akavuta pazia, akaniletea mto. Akasema, "Mama Badr, hebu tumweke kwa titi nione vile anashika." Badr alikuwa macho, ananitafuta kwa mdomo. Nilimweka. Alivuta, akaacha, akavuta, akaanza kulia, kilio kile kile cha mwezi uliopita. Hannah alingoja. Hakuna hata tone.

Ningeweza kusema ni kwa sababu ya hofu. Hata yeye angeniamini, wanawake wengi hukaukiwa kwa hofu. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mtoto alikuwa analia njaa mbele ya mtu ambaye angeweza kumpa chakula, na kilichokuwa kinamzuia kula ni mimi tu.

Nikamwambia yote, kopo, bafuni, maji. Nilimwambia haraka, macho nimeyainamisha kwenye shuka. Hakuniambia nisijali. Alisema atamwita daktari na ataleta chupa, na akaniuliza kama mama atarudi karibuni. Nikasema ndiyo. Akasema basi ni vizuri aisikie kwangu kabla ya kuiona kwenye chupa.

Bi Sayyida alirudi na kitambaa chake cha kusalia mkononi. Uso umemvimba, hakulala. Alikuwa amenunua viatu vya mpira duka la chini, vya kwangu.

"Mama, si maji yako."

Akasema nisimfariji.

"Sikufariji. Maziwa hayakufunguka. Nilikuwa nampa ya kopo, bafuni, tangu mwezi uliopita. Kopo lilipokaribia kwisha nikaongeza maji, nikaongeza tena. Mie ndiye niliyempa maji."

Aliendelea kukunja kitambaa chake. Alikikunja mpaka kikawa kidogo kama leso.

"Na yule kijana aliyeleta kopo?"

"Nilimwita mie."

"Nikamrudisha."

"Ndiyo, Mama."

"Ukanisikia namrudisha."

Nikasema nilikuwa juu ya ngazi. Akakaa. Nilingoja anigombeze, nilitamani anigombeze. Alimfunika Badr miguu kwa shuka. Alipozungumza hakunitazama.

"Kopo si kitu, Ruqaya. Ungenambia ningenuna siku mbili, basi. Lakini juzi uliniacha nilie. Nilikushika miguu, ukaniacha."

Aliweka viatu sakafuni karibu na miguu yangu, akatoka.

Julai 19

Badr anakula kila wanapomletea chupa. Mashavu yamerudi rangi.

Maan amefika kutoka jangwani na vumbi lake. Nilimueleza nje ya wodi. Alishuka chini akaenda kwenye gari, na kutoka dirishani nilimuona amekaa ndani na injini inawaka, paji la uso juu ya usukani. Aliporudi aliuliza swali moja tu, kama ni kweli nilimuacha mama yake ajitwike lawama. Nikasema ni kweli. Alimchukua mwanawe akampakata mpaka jioni.

Julai 21

Tumetoka hospitali. Kabla ya kuturuhusu, daktari aliniuliza habari zangu mimi, nalala vipi, nakula vipi, nikimtazama mtoto nahisi nini. Sikutaka kujibu. Kisha nikamwambia kuhusu mtoto wa mtu mwengine. Hakushangaa hata kidogo. Amenipa miadi na daktari wa kike anayeshughulika na wazazi wa namna yangu. Sikujua kuwa tuko wengi hata tukawekewa daktari.

Shughuli ya arubaini Bi Sayyida ameivunja. Amewaambia watu mtoto bado dhaifu.

Julai 23

Bashayer ndiyo kwanza amerudi kutoka Salala; hata Jumamosi ile ilimpita. Mama yake hakumwambia neno. Jioni alikuja kwangu akalia, akasema angerudi siku ile aliyoahidi. Nikamwambia maji hakuyatia yeye.

Julai 24

Bi Sayyida hunipikia, huniwekea sahani mbele yangu, hunijibu nikimuuliza. Chupa za Badr anazichemsha mwenyewe na kuzipanga juu ya kitambaa safi jikoni, hadharani, mbele ya kila anayeingia. Mkaja haniwekei tena. Nilidhani nitafurahi.

Wiki hizi zote nilimuona kama mtu anayeamuru. Leo nilimuona anapima joto la maziwa kwenye mkono wake, akapima tena, na tena. Anaogopa. Labda siku zote alikuwa anaogopa, na zile amri zilikuwa ndiyo namna yake ya kuogopa.

Julai 26

Bi Sabah amekuja. Alikaa sebuleni, akampa pole Bi Sayyida, kisha akamsema. Kwa upole, lakini alimsema. Kwamba yeye mtu mzima, mtu wa kuaminiwa, vipi kumpa kichanga maji bila kumuuliza mama yake, mwanamke aliyesoma. Akaongeza kwamba binti yake sasa anaogopa kumuachia mtoto hata bibi yake mzazi.

Bi Sayyida alikuwa anammiminia kahawa. Alisema, "Kweli, Sabah." Akampa kikombe kwa mkono wa kulia, akamsogezea halua.

Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, Badr begani. Niligundua kwamba hajamwambia mtu. Tangu siku ile hajautengua ujumbe wake. Ukoo wote, kila ng'ambo ya bahari, unaamini ni yeye. Hakunifichia kwa mapenzi, sidhani. Nadhani alikuwa anangoja kuona nitamuacha mpaka lini.

Bi Sabah alipoondoka nilichukua simu yangu. Sijawahi kutuma sauti kwenye kundi lile, mimi huweka dua iliyoandikwa tu. Nilibonyeza nikasema hivi:

"Asalaam alaykum nyote. Mie Ruqaya, mke wa Maan. Aliyemfanya Badr augue si Mama. Ni mie. Sina maziwa. Nilikuwa nampa ya kopo kwa siri, na yalipokaribia kwisha niliyatia maji mengi kwa sababu niliona haya kusema. Hospitali Mama alijitia lawamani, nami nikamuacha. Mumtake radhi. Na binti yake Bi Sabah, kama mtu atamfikishia, nilimwambia uongo kuhusu ile supu. Kama maziwa hayaji, aseme."

Nikatuma kabla sijaisikiliza. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe kutoka jikoni. Bi Sayyida aliicheza mpaka mwisho. Akaicheza tena.

Hakuja chumbani. Baada ya muda nikasikia bomba la jikoni na vyombo.

Julai 27

Majibu ya kundi. Wengi dua. Shangazi mmoja wa Dubai ameandika kwamba wengine wanasomeshwa bure. Mwengine amejitoa. Binti wa Bi Sabah amenitumia ujumbe peke yangu: *Ahsante dada. Na mie naogopa kila kitu.*

Nimesoma ule wa shangazi mara nyingi kuliko huu.

Agosti 3

Maan amerudi kazini. Asubuhi alipokuwa anafunga begi aliniambia nisimwambie tena kila kitu kiko sawa kama hakiko sawa. Nikamwambia, basi hakiko. Akacheka kidogo, akanibusu kichwani. Ni mara ya kwanza tangu hospitali.

Agosti 8

Kwa daktari wangu. Nimelia saa nzima. Sina la kuandika.

Agosti 15

Jioni tulikwenda pwani ya Qantab, mimi, Bashayer, Bi Sayyida na mtoto. Bashayer alisema tutakufa ndani ya kiyoyozi. Upepo ulikuwa mzito na wa moto, lakini maji yalikuwa yametulia. Bashayer alikwenda kutafuta juisi. Nilibaki na Bi Sayyida kwenye mkeka.

Nilimuomba radhi. Nilishamuomba, lakini mara zote nilikuwa naomba huku nikijieleza. Safari hii nilisema tu kwamba nilimuacha alie na sikuwa na sababu.

Alichukua mchanga akaumwaga, akachukua mwengine. Akanambia kwamba ile siku ya hospitali, aliposema ni yeye, alikuwa na hakika. Mpaka leo anaota kijiko. Anajua si yeye, na bado anaota.

"Nnakusamehe kidogo kidogo," akasema. "Usinharakishe."

Nikasema sitamharakisha.

Agosti 19

Joto limepungua kidogo, au nimelizoea. Shule zinakaribia kufunguliwa. Kwangu mimi bado likizo ya uzazi.

Leo baada ya alasiri nilimpa Badr chupa sebuleni. Bi Sayyida alikuwa anakata bamia kwenye meza ya pembeni, redio inazungumza peke yake. Badr alikunywa nusu, akaacha. Chuchu ya chupa bado iko mdomoni. Alinitazama usoni, sehemu moja baada ya nyengine, kama mtu anayehakikisha. Akacheka.

Kwa Bi Sayyida anacheka wiki nzima. Kwa Bashayer pia. Kwangu ni leo. Maziwa yalimtoka pembeni ya mdomo yakateremka mpaka kwenye mikunjo ya shingo.

Bi Sayyida aliona. Kisu kilisimama juu ya bamia. Kisha akaendelea kukata, akasema bila kunitazama, "Mfute shingo, Mama Badr, yatamuunguza."

Hajawahi kuniita hivyo.

Nilitafuta kitambaa. Niliona haya kwa furaha niliyokuwa nayo, kama mgeni anayekirimiwa ndani ya nyumba aliyoiibia. Nilimfuta shingo, mkunjo mmoja, na wa pili. Nikamtazama tena, na yeye akacheka tena.